Barua Zilizokwenda Shuleni: Maneno Machache juu ya Anwani ya Kampuni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, ndani ya bwalo la shule)



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba niseme machache, alinipendekezea mada kubwa: nafasi ya msomi katika ujenzi wa taifa. Nilimshukuru, kisha nikamwomba radhi. Mada hiyo nimeisikia katika bwalo hili mara nne tangu nikiwa kidato cha tatu, na kila mara ugali ulipoa. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili ya wafanyabiashara, na naomba niseme juu ya jambo dogo ninalolijua, yaani anwani ya kampuni, na namna ya kuibadilisha katika vitabu vya wale wanaotunza taarifa za wakopaji. Naona baadhi yenu mmekwisha kutazama saa. Nivumilieni. Habari hii inaihusu shule yetu kuliko mnavyodhani, na mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2004 nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sijapata ajira bado, na suruali niliyovaa siku ya mahafali ndiyo niliyokuwa nikiombea kazi. Nilikuwa na rafiki tuliyelala kitanda kimoja cha ghorofa hapa shuleni, yeye juu na mimi chini, katika lile bweni lililo karibu na mfereji. Amenipa ruhusa kusimulia habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina lake wala la kampuni yake. Yumo humu ndani. Tafadhali msigeuze shingo kumtafuta.

Huyu bwana hakwenda chuo kikuu. Alikwenda Kaloleni, akapanga chumba cha uani, akanunua vyerehani viwili vizito vya kushonea turubai, akaanza kushona mahema ya kambi za watalii. Kazi ilikuwa nzuri, na baada ya muda wateja wake wakamwambia wanataka kuandikiana mikataba na kampuni, si na mtu binafsi. Siku zile kusajili kampuni kulimtaka mtu apande basi alfajiri mpaka Dar es Salaam, akapange foleni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, iliyoundwa mwaka 1999. Mwenzangu hakuweza kuviacha vyerehani vyake. Akanipa nauli pamoja na pesa ya kula, nikaenda mimi msomi asiye na kazi.

Fomu ilitaka mahali ilipo ofisi ya kampuni na anwani ya posta. Mahali nikaandika Kaloleni. Lakini sanduku la posta hakuwa nalo, na kulikodi kulitaka ada na kungoja. Nikafikiri kidogo, nikaandika kwa mkono wangu S.L.P. ya shule hii. Karani wa shule wakati ule alikuwa baba yake mdogo. Barua zetu zote za utotoni, zikiwemo zile ambazo Mkuu wa Shule alizifungua na kuzisoma kwa sauti mstarini, zilipitia sanduku hilo. Nikajiona mwerevu kabisa.

Kwa haki niseme kwamba jambo hilo halikuwa la ajabu. Katika nchi yetu barua haikuwahi kumfuata mtu mlangoni. Ilikaa posta ndani ya sanduku, na sanduku moja la usharika, la shule ya msingi au la chama cha ushirika cha kahawa lilitosha kijiji kizima. Mtu wa Akeri au wa Poli aliandikiwa kwa kupitia mwalimu fulani au mchungaji fulani, na barua ikamfika Jumapili baada ya ibada. Ukiuliza anakaa wapi, unaambiwa pandisha na mfereji, ukifika penye mringaringa mkubwa uliza. Ulifika. Kwa hiyo sikukosea sana kuandika sanduku la shule mwaka 2004. Kosa ni kwamba liliendelea kukaa pale miaka kumi na mitano.

Mwaka 2011 rafiki yangu alihamia Njiro. Alihamisha vyerehani, ambavyo sasa vilikuwa saba, pamoja na meza za kukatia, mlinzi, na mbwa wa mlinzi. Anwani haikuhama. Mwaka 2014 akaomba mkopo benki ili anunue mashine mbili zaidi, na afisa wa benki akanakili anwani kutoka kwenye karatasi za usajili, kama alivyopaswa. Mkopo ukalipwa vizuri. Oktoba 2017 alilipa rejesho la mwisho, akawanunulia mafundi wake tisa soda na nyama choma, akaniita nami nikaenda. Tulikula tukiamini kwamba deni limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Kulikuwa na riba ya adhabu ya rejesho moja lililochelewa, shilingi 186,400, ambayo haikuingizwa katika hesabu aliyopewa siku ile. Benki ikamwandikia barua, kisha ya pili na ya tatu. Zote zilikwenda kwenye anwani aliyoitoa mwenyewe, maana yake zilikuja hapa. Baba yake mdogo alikuwa amekwisha kustaafu, na karani mpya hakuijua kampuni hiyo wala mwenyewe. Akafanya ambalo mtu mwaminifu angefanya: akaziweka vizuri ndani ya droo, asije akatupa mali ya mtu.

Mapema mwaka 2019 ilikuja oda ya mahema arobaini ya kambi moja kule Serengeti. Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Turubai lake peke yake lilitaka mtaji asiokuwa nao, akaenda kuomba mkopo. Baada ya siku chache akaitwa na kuambiwa kwamba ombi halikupita, kwa sababu taarifa yake ya mikopo ina madoa. Akaomba nakala, akaja nayo ofisini kwangu, akaiweka mezani bila kusalimu.

Taarifa ile ilikuwa na anwani tatu. Ya kwanza ilikuwa sanduku la shule. Ya pili ilikuwa Kaloleni, mahali alipoondoka miaka minane nyuma. Ya tatu ilikuwa ya mkoa mwingine kabisa ambako hajawahi kushona hata mfuko. Chini yake kulikuwa na madeni mawili chechefu. Moja ni lile la riba, limekwisha kukua. La pili lilikuwa la mamilioni, la kampuni nyingine yenye jina linalofanana sana na lake, na likawekwa kwake.

Akaniuliza, "Hii namba ya sanduku aliandika nani?"

Nikamwambia, "Niliandika mimi."

"Basi nieleze."

Sikuwa na maelezo. Alichukua karatasi yake akaondoka, na kwa miezi mingi hatukuzungumza. Oda ilikwenda kwenye karakana moja ya Nairobi. Mafundi tisa walirudishwa nyumbani msimu ule, na watano kati yao hawakurudi tena, maana fundi wa turubai hakai bure akikusubiri wewe.

Ndugu Mwenyekiti, ilinibidi nijifunze mambo haya nikiwa mtu mzima mwenye shahada, kwa hiyo sioni aibu kuyaeleza mbele ya watu wazima wengine wenye shahada.

Wengi wetu tunadhani anwani ni ya kuletea barua tu, na kwa kuwa siku hizi watu hawaandikiani barua, tunaona haina kazi. Lakini kwa yule anayetunza taarifa za wakopaji, anwani ni sehemu ya sura ya kampuni. Yeye hakujui wala hajaliona duka lako. Ana jina, namba ya usajili, namba ya mlipa kodi, na anwani. Sasa tazameni majina ya kampuni za mji wetu. Hesabuni zinazoitwa Meru, zinazoitwa Kilimanjaro, zinazoitwa Serengeti. Pengine hapa Arusha hakuna mlima wala mbuga ambayo haijafanywa kampuni mara kumi. Mtunza kumbukumbu akipata majina mawili yanayofanana, na namba imeandikwa kwa makosa au haikuandikwa, hutazama anwani. Ya mwenzangu ilikuwa ya mahali asipokuwepo, kwa hiyo haikuweza kumtetea.

Biashara hii ya kutunza sifa za wakopaji si ngeni duniani. Mwaka 1841 mfanyabiashara wa hariri wa New York, Lewis Tappan, alifungua ofisi ya kuuza habari za wafanyabiashara. Miaka minne tu kabla yake, katika msukosuko wa fedha wa 1837, alikuwa ameumizwa na watu waliochukua mali kwa mkopo wasilipe. Alikuwa na mawakili katika miji midogo waliomwandikia: fulani ni mtu wa kuaminika, fulani ana duka lakini ni la mkewe. Abraham Lincoln, kabla hajawa Rais wa Marekani, alikuwa mmoja wa waandishi hao. Mwaka 1849 John Bradstreet akaanzisha yake kule Cincinnati, na mwaka 1933 nyumba hizo mbili zikaungana zikawa Dun & Bradstreet.

Kwetu mambo haya yalikuja baadaye. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ndiyo iliyofungua mlango wa kuwa na hazina ya taarifa za wakopaji. Mwaka 2012 hazina hiyo ikaanza kazi chini ya Benki Kuu, na mwaka 2013 kampuni mbili zikapewa leseni ya kutoa taarifa za wakopaji, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Mabenki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye hazina ya Benki Kuu, na kampuni za taarifa huchota kutoka humo pamoja na vyanzo vingine zinavyovipata.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka mlishike, nami nitalisema kwa mfereji kwa sababu wote hapa tumechimba mifereji. Mnakumbuka zamu zetu za Jumamosi. Maji yakifika bwenini na tope, haisaidii kitu kusimama pale chini na kuchuja kwa ndoo. Unapandisha juu msituni mpaka pale ng'ombe alipokanyaga, unapatengeneza, ndipo unarudi bwenini na kungoja maji yasafike. Anwani nayo ni hivyo. Watu hukimbilia kwenye kampuni ya taarifa wakiwa wamefura, wanadai, "Badilisheni anwani yangu." Hata wakikubali leo, benki ikileta taarifa zake tena ikiwa na anwani ya zamani, tope linarudi vile vile.

Chanzo cha kwanza ni msajili wa makampuni. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaitaka kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa, na ikiihamisha ofisi hiyo imwarifu msajili. Barua au hati ya mahakama iliyopelekwa kwenye ofisi iliyosajiliwa huhesabiwa imekufikia, uwe umeiona au hukuiona. Mtu anaweza kushtakiwa, akashindwa na kukaziwa hukumu, yeye akiwa Njiro anakunywa chai. Hata msajili mwenyewe akitaka kuifuta kampuni anayodhani imekufa, huandika barua kwanza kuuliza, na huipeleka kwenye anwani hiyo hiyo.

Miezi ile tuliyokuwa hatuzungumzi, nilimtumia ujumbe kupitia kwa mke wake, ambaye ndiye mkurugenzi mwenza, kwamba niko tayari kufanya kazi ya kusahihisha bila malipo, jioni baada ya kazi. Mke wake akasema njoo. Mwenyewe alikaa chumba cha pili na redio yake.

Tulianza na karatasi moja: muhtasari wa kikao cha wakurugenzi unaosema kwamba ofisi ya kampuni imehamia mahali fulani tangu tarehe fulani. Watu huidharau karatasi hii kwa sababu wakurugenzi ni mume na mke, lakini kila ofisi uendayo baadaye itaiuliza. Kisha tukaingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, ulioanza mwaka 2018. Kampuni za zamani kama hii faili lake lilikuwa la karatasi, kwa hiyo lilitakiwa kwanza lihuishwe katika mfumo mpya, wakurugenzi waweke namba zao za kitambulisho cha Taifa, na namba ya mlipa kodi iingizwe. Hapo tukagundua kwamba taarifa za kila mwaka za kampuni zilikuwa hazijapelekwa tangu 2013. Zikalipwa pamoja na adhabu zake. Sitawatajia kiasi, mke wake angali anakikumbuka. Baada ya hapo ndipo anwani mpya ikapokelewa, nasi tukapata uthibitisho wa maandishi.

Tukiwa na uthibitisho huo tulikwenda Mamlaka ya Mapato, kisha Halmashauri kwa ajili ya leseni ya biashara. Huko sina mengi ya kusema, isipokuwa hakikisheni maneno ni yale yale kila mahali. Usiandike huku "Njiro", huku "Njiro Kontena", na kule "karibu na kanisa". Mashine haijui kwamba ni pamoja.

Benki ndiyo iliyochukua muda. Tulilipa ile riba iliyosalia, tukaomba barua ya kuthibitisha kwamba mkopo umekwisha na kwamba hakuna kinachodaiwa. Tukapeleka barua ya kubadilisha anwani, iliyotiwa sahihi na wakurugenzi wote wawili, pamoja na uthibitisho wa msajili na mkataba wa pango. Nakala yetu tukagongewa muhuri wa kupokelewa. Vijana, shikeni hilo la muhuri. Barua uliyopeleka bila nakala yenye muhuri, siku ya ubishi hukuipeleka. Benki ikapeleka taarifa mpya Benki Kuu katika zamu yake iliyofuata.

Ndipo mwishoni tukaiandikia kampuni ya taarifa. Mtu anayeandikwa ndani ya taarifa hizo ana haki ya kuziona na ya kupinga lililo kosa, na anayepinga huleta vielelezo. Tulileta namba ya usajili, namba ya mlipa kodi, anwani ya tangu mwanzo na ya sasa, tukasema: deni hili la mkoa fulani si letu, ulizeni aliyelileta. Wakauliza, na aliyelileta alipotazama faili lake akaona namba ya usajili ni nyingine. Likaondolewa. Tuliomba taarifa upya ili tuone kwa macho yetu, na tulifanya vizuri, maana ile anwani ya Kaloleni ilikuwa bado ipo na ilitubidi tuandike tena. Tulianza Machi 2019, tukamaliza Septemba.

Siku nilipompelekea mwenyewe ile taarifa safi, aliisoma yote, akazima redio, akasema, "Sanduku la posta nimelipia. Namba yake hii, iandike vizuri." Hayo ndiyo maneno ya kwanza baada ya miezi saba.

Wapo miongoni mwenu wenye mashirika na kampuni zinazoshughulika na wageni, na mji wetu una mengi ya namna hiyo. Kwenu kuna anwani nyingine ya kuangalia. Dun & Bradstreet ya Marekani ilianza mwaka 1963 kuzipa biashara namba ya tarakimu tisa, iitwayo DUNS, na hadi Aprili 2022 serikali ya Marekani iliitaka namba hiyo kwa yeyote aliyeomba ruzuku au zabuni yake. Asasi nyingi za kwetu zilizofanya kazi na shirika lao la USAID, lililofungwa mwaka 2025, ziliipata namba hiyo kwa sababu hiyo. Nimewaona watu waliohama kutoka mjini kwenda Usa River au Ngaramtoni wakaomba namba mpya ya DUNS. Namba hiyo haibadiliki kampuni ikihama. Kinachobadilishwa ni anwani iliyoandikwa chini yake. Ukiomba mpya unakuwa kampuni mbili: moja ina historia lakini haipatikani, nyingine inapatikana lakini haina historia, na mnunuzi wa kahawa wa Ulaya hatakaa kuchunguza ipi ni wewe. Aidha, serikali ya Marekani ilipoacha DUNS mwaka 2022 na kuweka namba yake yenyewe, ilitaka jina na mahali halisi vilingane na hati. Sanduku la posta halikukubaliwa kuwa mahali. Waliokuwa wameandika S.L.P. peke yake walihangaika.

Kisha iko anwani inayohama wewe ukiwa umekaa. Mwenye duka la Babati mwaka 2001 alikuwa Mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 aliamka yuko Mkoa wa Manyara na hajasogeza hata kiti. Halmashauri ya Arumeru iligawanywa, ikazaliwa ya Meru na ya Arusha. Mji wenyewe ulikuwa manispaa, sasa ni jiji. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Barabara zikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba, na misimbo ya posta, ambayo kwa mkoa wetu huanza na 23, ikaanza kutajwa na watu wa kawaida. Ni jambo jema, na ni mara ya kwanza mtu wa Sakina au Moshono kuwa na anwani isiyotegemea mti. Lakini kila aliyepewa namba ya nyumba alipata pia kazi ya kuipeleka kwa msajili, kwa mtoza kodi na benki, na sidhani kama wengi tuliifanya. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu namba ipo ukutani, nami bado nawaelekeza wageni kwa duka la mangi.

(Ziko kampuni chache ambazo zenyewe zimegeuka kuwa anwani. Ile kata yetu ya Unga Limited iliitwa kwa jina la kiwanda cha kusaga unga. Lakini msitegemee bahati hiyo.)

Wadogo zangu mlio darasani, ninyi mtasajili kampuni kwa simu mkiwa mmelala kitandani, na hamtapanda basi wala kupanga foleni. Mtafika kwenye kisanduku cha anwani usiku wa manane, mkiwa na haraka, mtaandika ya shangazi. Hakuna atakayewakataza. Ninachowaomba ni kwamba siku mkihama kwa shangazi, siku ile ile mnapokodi gari la kubebea mizigo, muwe na bahasha moja yenye uthibitisho wa anwani mpya na orodha ya ofisi zinazopaswa kuupata, msajili akiwa wa kwanza na kampuni ya taarifa ya mwisho. Kisha baada ya miezi michache mwombe taarifa yenu mtazame, hata kama hamtaki mkopo. Mwenzangu alitazama siku aliyokuwa na shida, na siku hiyo hapakuwa na muda wa kusahihisha.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na lile linalotuhusu leo. Jana nilipofika nilikwenda ofisini kumsalimu karani, kijana mwungwana sana, nikamwuliza kuhusu ile droo. Akaifungua. Zile barua tatu za rafiki yangu tulizichukua zamani, lakini droo haiko tupu. Nimehesabu bahasha ishirini na mbili, nyingine zina nembo za benki, mbili zina muhuri wa mahakama, na zote zimeandikwa majina ya watu waliosoma hapa au ya kampuni ambazo nadhani ni zao. Ya zamani kuliko zote ina muhuri wa posta wa mwaka 2009. Kwa idhini ya Mkuu wa Shule sitasoma majina hadharani. Karani atakuwa ofisini baada ya chakula mpaka saa kumi, na ameomba kila atakayekuja aje na kitambulisho. Wale wenye mihuri ya mahakama tafadhali msingoje chakula.